Mshipi wa Kichwani na Mkwaju wa Penalti



Ndugu zangu wasomaji, wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, ndugu yangu wa kike alinijia barazani akiwa bado amejifunga kanga zake za kazi. Yeye ni mama karanga: alfajiri hununua samaki dikoni, mchana huwakaanga, na jioni huwauza kando ya njia. Kwa kazi hiyo anawasomesha wanawe watatu. Alinipa simu yake nisome tangazo. Palikuwa na picha ya kijana amevaa mshipi mweusi kichwani, na maneno ya kuahidi kwamba mshipi huo husoma mawimbi ya ubongo na kumfanya mchezaji yeyote awe na akili ya bingwa kwa muda wa wiki chache tu. Bei yake, pamoja na gharama ya kuuleta, yazidi karo ya muhula mmoja.

“Kaka,” akaniuliza, “kitu hiki ni cha kweli, au nitauza mbuzi wangu nije nijute?”

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki moja nisome na kuuliza. Leo nawaletea nanyi niliyoyapata, kwani najua si yeye peke yake aliyeliona tangazo lile, wala si mwanawe peke yake aliye na shida hiyo.

Shida yenyewe ni hii. Mpwa wangu ana umri wa miaka 15, na mguu wake wa kushoto ni neema ya Mwenyezi Mungu. Katika fainali ya kombe la vijiji alikabidhiwa mkwaju wa tano wa penalti. Ilikuwa lazima afunge, la sivyo timu yetu ishindwe. Filimbi ikalia, akaukimbilia mpira kama anayefukuzwa na nyuki, na mpira ukapaa juu ya mtambaa wa panya. Tangu siku hiyo wenzake wakampachika jina la “Kasarani”. Bila shaka mwakumbuka asili ya kejeli hiyo: Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, katika robo fainali ya CHAN, Harambee Stars walitoka sare ya bao 1-1 na Madagascar pale Kasarani, kisha wakatolewa kwa mikwaju ya penalti, 4-3. Msiba wa taifa ukawa jina la utani la mtoto mmoja wa Gazi.

Kijana akaacha mazoezi. Kisha, kwa kuwa njia ya kwendea madrasa yapita ubavuni mwa uwanja, akaanza kuikosa na madrasa ya jioni. Hapo ndipo mama yake alipoingiwa na hofu, na mama mwenye hofu ni mteja mwepesi wa kila muuzaji.

Tuanze na kitu chenyewe. Je, ubongo una mawimbi? Naam, unayo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu mno, na umeme huo waweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa. Mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alifaulu kuurekodi kutoka kichwani mwa mwanadamu katika mji wa Jena, na mwaka 1929 akayachapisha matokeo yake. Aliona kwamba mtu anapofumba macho na kutulia, mawimbi fulani hupanda na kushuka takriban mara 10 kwa sekunde, na anapofumbua macho mawimbi hayo hufifia. Kipimo hicho, kiitwacho EEG, leo kimo katika hospitali nyingi, na hata hapa Pwani si kigeni: watafiti wa Kilifi wamekitumia kwa miaka mingi kuchunguza degedege na kifafa, maradhi ambayo baadhi ya wazee wetu waliyasingizia nyuni. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba habari ya mawimbi ya ubongo ni uchawi au ni uongo.

Jambo la pili ndilo linalouzwa katika tangazo, nalo ni kuuzoeza ubongo kwa kuuonyesha kazi yake wenyewe. Wataalamu huliita nyurofidibaki. Mtu hubandikwa elektrodi kichwani, kompyuta ikayasoma mawimbi yake, kisha ikayageuza kuwa picha au sauti. Mawimbi yanayotakiwa yakitokea, sauti hulia vizuri au mpira hupanda kwenye kioo; yakipotea, sauti hunyamaza na mpira hushuka. Mtu haambiwi afanye nini. Hujaribu hili na lile ndani ya nafsi yake, mpaka ajue ni utulivu wa namna gani unaoupandisha ule mpira.

Wenzangu wa Gazi hawana haja ya kompyuta ili waelewe jambo hili. Mtoto anayefundishwa kuendesha ngalawa haelezwi upepo kwa maneno. Hupewa usukani na demani, akaambiwa alitazame tanga. Akikosea, tanga hupwaya na kupigapiga; akipatia, tanga hujaa likanyamaza, na chombo kikaenda. Upepo hauonekani, lakini tanga humwonyesha. Baada ya misimu miwili mitatu, hata usiku wa giza ataujua upepo kwa shavu lake. Nyurofidibaki yataka kuwa tanga la akili: kumwonyesha mtu kile asichoweza kukiona, mpaka aweze kukihisi bila ya kuonyeshwa.

Wazo hili lina historia ya kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Joe Kamiya wa Chicago alionyesha kwamba mtu akiambiwa kila mara kama yale mawimbi ya utulivu yapo au hayapo, mwishowe hujifunza kuyatambua mwenyewe. Katika miaka ya 1960, huko Los Angeles, Barry Sterman aliwazoeza paka: kila mawimbi yao yalipofika mwendo wa mara 12 hadi 15 kwa sekunde, walitunzwa maziwa na mchuzi wa kuku. Baadaye paka hao walipopewa kemikali iletayo kifafa, walikawia kupatwa kuliko paka wasiozoezwa. Paka hajui kujipendekeza kwa daktari, wala hadanganyiki kwa tangazo. Ndiyo maana habari yake iliwashangaza wataalamu, na mafunzo hayo yakajaribiwa kwa wagonjwa wa kifafa.

Kutoka hapo yakaingia michezoni. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwachukua wapiga mishale 24, na kurusha mshale, kama mjuavyo, ni mchezo unaosifiwa katika dini yetu na unaojulikana katika kaya za Kwale tangu enzi. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilizoezwa ubongo kwa namna iliyodhaniwa kuwa sahihi, la pili kwa namna iliyo kinyume, na la tatu halikuzoezwa. La kwanza likalenga vizuri zaidi kuliko awali, la tatu likabaki lilivyokuwa, na lile la pili likaharibika. Miaka ya 2000 klabu ya AC Milan nayo ilikuwa na chumba maalumu cha akili, ambamo wachezaji walilala kwenye viti vya starehe huku miili na bongo zao zikipimwa, chini ya mwanasaikolojia Bruno Demichelis.

Mpaka hapa, ndugu zangu, muuzaji wa mshipi angefurahi kunisikia. Lakini litazameni tena lile kundi la pili la wapiga mishale. Dawa iwezayo kunufaisha ikitolewa sawasawa, yaweza kudhuru ikikosewa. Mwenye kuwazoeza alikuwa mtaalamu aliyejua ni upande gani wa kichwa na ni mawimbi gani ayatafutayo. Mshipi unaonunuliwa kwa simu huvaliwa chumbani, bila mtu wa kusimamia. Fauka ya hayo, misuli ya paji la uso na kope nayo hutoa umeme, tena wenye nguvu kuliko ule wa ubongo. Mtoto akikunja uso au akipepesa macho, chombo hafifu chaweza kudhani kwamba kimesoma akili yake.

Pana na jambo zito zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Salzburg, nchini Austria, walichapisha matokeo ya jaribio juu ya watu wasiopata usingizi. Watu wale wale walipitia mafunzo halisi ya nyurofidibaki, na pia mafunzo ya bandia yaliyofanana nayo kwa kila hali, bila kujua yapi ni yapi. Wenyewe walisema wamepata nafuu, lakini nafuu ya mafunzo halisi haikuipita ile ya bandia. Maana yake ni kwamba kuketi kwa utulivu, kushughulikiwa na mtu mwenye huruma, na kuamini kwamba utapona, vilifanya sehemu kubwa ya kazi iliyosifiwa mashine. Na majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanamichezo yalikuwa na watu wachache, wala hayakuwa na kundi la bandia la kulinganishia.

Sisi watu wa Gazi twajua thamani ya kupima. Mradi wetu wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ukaa mwaka 2013, hulinda takriban hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimetuletea maji na kusaidia shule zetu. Fedha hizo hazikuja kwa sababu tulisema kwamba mikoko yetu ni mizuri. Zilikuja kwa sababu watu waliingia topeni, wakaipima miti, kisha wengine wasio na maslahi wakayakagua mahesabu. Basi muuzaji wa mshipi naye tumuulize: amepima nani, na amekagua nani? Tangazo lile halikuwa na jibu.

Nikageuka nikatazama nyumbani, kwani Kenya ni nchi inayosifika kwa wakimbiaji wake. Je, mabingwa wetu wanafanya nini na bongo zao? Nikakuta kwamba mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi juu ya wakimbiaji 15 wa Kikalenjini wa daraja la juu. Walikimbia kilomita 5 kwa nguvu zao zote huku wakipimwa, kwa mwanga upenyao fuvu, oksijeni iliyomo katika sehemu ya mbele ya ubongo. Kiwango hicho hakikuporomoka. Kilidumu karibu pale pale mpaka mwisho wa mbio. Katika sababu walizozitaja kuwa huenda zikachangia, watafiti walitaja kuzaliwa katika nyanda za juu na kuchezacheza na kukimbia sana tangu utotoni. Hakuna hata mmoja aliyeupata ubongo huo kwa kuvaa mshipi.

Mtazameni Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna alikuwa mtu wa kwanza kumaliza umbali wa marathoni chini ya saa mbili, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Huko Kaptagat ameishi miaka mingi kambini pamoja na wenzake, akifanya zamu ya usafi kama wao, na huandika mazoezi yake kwa mkono katika daftari, jambo alilolishika tangu mwaka 2003. Na mbio zinapokuwa chungu, hutabasamu. Wako watafiti wa Uingereza waliolijaribu tabasamu hilo kwa wakimbiaji 24, wakakuta kwamba walipotabasamu walitumia nguvu pungufu kwa karibu asilimia 2.8 kuliko walipokunja uso. Tabasamu halina karo.

Kisha nikaja kwenye penalti yenyewe, na hapa nilipata maneno ambayo ningependa kila kijana aliyewahi kukosa mkwaju ayasikie. Mtaalamu wa Norway, Geir Jordet, pamoja na mwenzake, walichunguza mikwaju ya mashindano makubwa ya dunia. Mchezaji ambaye bao lake laipa timu ushindi papo hapo hufunga takriban mara 92 katika 100. Lakini yule ambaye kukosa kwake ni kushindwa kwa timu hufunga takriban mara 62 tu. Hao ni wanaume waliokomaa, wenye mishahara mikubwa na walimu wa kila aina. Mpwa wangu alisimama mahali pale pale pa wale 62, akiwa na miaka 15, mbele ya kijiji kizima. Utafiti mwingine wa penalti ulionyesha kwamba wanaoharakisha kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaotua kidogo. Naye alikimbia kama anayefukuzwa na nyuki.

Basi wiki ilipotimia nilimwita mama yake, nikampa jibu langu. Nilimwambia: “Mbuzi wako mwache. Mshipi huo si uchawi wala si uongo mtupu, lakini waahidi zaidi ya uliyoyathibitisha, na karo ya mwanao haiwezi kuwa nauli ya jaribio. Nipe mtoto jioni tatu kwa wiki.”

Kijana alipokuja alinishika mkono, akanipa shikamoo, akainamisha macho. Nilimpa ile hesabu ya 92 na 62. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mjomba, kwa hiyo si mimi tu?” Nilitambua kwamba hilo ndilo lililokuwa likimla muda wote ule. Alidhani amezaliwa na kasoro kichwani, na tangazo la simu lilimzidishia dhana hiyo, kwani ili akuuzie dawa ya ubongo, muuzaji sharti kwanza akuaminishe kwamba ubongo wako ni mgonjwa.

Mazoezi yetu ni mepesi kuyaeleza. Huweka mpira, hurudi hatua zake nne zile zile, huchagua pembe wala haibadilishi. Filimbi ikilia hatoki. Huvuta pumzi moja na kuitoa taratibu, ndipo aende. Nyumbani, kabla ya kulala, huketi dakika kumi akizifuata pumzi zake. Fikira ikimtoroka, huirudisha bila ya kujilaumu. Simu yake hulala kwa mama yake. Kurudisha fikira ndiyo sehemu ya mafunzo hayo ambayo yeyote aweza kuifanya bila chombo, na Mwislamu haioni kuwa ngeni, kwani kila anayetafuta khushuu katika sala yake aijua kazi ya kuurudisha moyo uliokwenda sokoni. Ila nilimwonya juu ya jambo moja: sala haiswaliwi ili tufunge mabao. Sala ni haki ya Mola wetu. Kama utulivu wake wafuatana nasi mpaka uwanjani, hiyo ni fadhila, wala si lengo.

Jioni ya pili wenzake walikuja ukingoni mwa uwanja wakaanza kupiga kelele: “Kasarani! Kasarani!” Nilimwona akikaza mataya. Nikawaendea wale vijana nikawaomba wazidishe kelele, tena wasogee nyuma ya lango, kwa kuwa mchezaji asiyezoea kelele mazoezini atazikuta mechini zikiwa ngeni. Wakafurahi kupewa kazi. Walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka, naye akapiga mikwaju 10 akafunga 7. Mkwaju wa mwisho uligonga nguzo. Akautazama mpira ukirudi, akatabasamu, akaenda kuuokota. Mmoja wa wale waliokuwa wakimzomea akamwomba naye afundishwe zile hatua nne.

Wazazi wenzangu, sisemi kwamba elimu hii mpya ni ya kubezwa. Huenda siku moja itapimwa ikathibiti, na mtoto wa Gazi akafunzwa nayo na mjuzi wake. Nasema tu kwamba mtoto aliyevunjika moyo kwanza aketi na mtu mzima atakayemsikiliza, na mtoto mwenye kifafa, au mwenye huzuni isiyokwisha, apelekwe hospitali, asitibiwe kwa tangazo la simu. Pesa za karo zikae mahali pake.

Mechi ijayo bado haijafika, na sijui mpwa wangu atapewa mkwaju au hatapewa. Lakini Jumatatu usiku, baada ya Isha, ustadhi wa madrasa alinisimamisha mlangoni mwa msikiti akaniambia kwamba kijana amerudi, na kwamba alipita njia ile ile ya uwanjani.

Wabillahi tawfiq.